Samuel Darling, munganga aliyevumbua ugonjwa unaofanana na kifua kikuu

Tarehe 7 Desemba 1905, katika hospitali ya Ancón huko Panama, munganga mmoja Mmarekani alipasua maiti ya fundi wa mbao aliyetoka kisiwa cha Martinique. Alipoyaangalia mapafu kwa macho, jibu lilionekana wazi: vijinundu vidogo vidogo vilikuwa vimetapakaa kila upande, kama vile kifua kikuu kinavyofanya kinapoenea mwilini mwote. Wengu ulikuwa umevimba. Munganga mwingine angeandika kifua kikuu kwenye cheti cha kifo na kuendelea na maiti iliyofuata.

Munganga huyo hakuandika hivyo. Alichukua vipande vya mapafu, vya wengu na vya uboho, ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa ambamo damu inatengenezewa, akavipaka kwenye vioo na kuviweka chini ya mikroskopu. Viini vya kifua kikuu hakuviona. Aliona vitu vidogo vya mviringo, vingi ajabu, vimejazana ndani ya chembe za mwili.

Jina lake ni Samuel Taylor Darling. Alikuwa na umri wa miaka 33, na siku ile alikuwa amekutana na ugonjwa ambao hakuna aliyeuandika mbele yake. Leo unaitwa istoplasmozi, na wengine wanauita bado ugonjwa wa Darling. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa nadra sana. Sida ndiyo iliyobadilisha hesabu hiyo, na ndiyo sababu maisha ya munganga huyu yanawahusu pia watu wa Kongo, ambako aina moja ya ugonjwa huo inajulikana tangu zaidi ya miaka 70.

Kutoka New Jersey hadi Panama

Darling alizaliwa tarehe 6 Aprili 1872 huko Harrison, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Aliingia udaktari akiwa mtu mzima: alimaliza masomo mwaka 1903 katika chuo cha wanganga cha Baltimore, akiwa na miaka 31. Kazi iliyomvutia ilikuwa ile ya laboratwari, yaani kutafuta katika mwili wa marehemu sababu ya kweli ya kifo chake.

Mwaka 1905 alikwenda Panama. Wakati huo Marekani ilikuwa imechukua kazi ya kuchimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili, kazi ambayo Wafaransa waliishindwa baada ya kupoteza maelfu ya wafanyakazi kwa homa ya manjano na malaria. Mkuu wa afya kwenye mfereji alikuwa William Gorgas, aliyekuwa amekwisha kuifukuza homa ya manjano katika mji wa Havana. Gorgas aliamini kwamba mfereji hautachimbwa mpaka mbu washindwe kwanza. Ili kuwashinda, alihitaji watu wa kumwambia nini hasa kinaua wafanyakazi.

Wafanyakazi wengi walitoka visiwa vya Antilia: Barbados, Jamaika, Martinique, Guadeloupe. Walifanya kazi ngumu kuliko wengine, walilala mahali pabaya kuliko wengine, na ndio waliokufa zaidi. Hospitali ya Ancón, iliyojengwa na Wafaransa, iliwapokea kwa wingi. Darling akawekwa kuwa mkuu wa laboratwari, na kwa miaka karibu kumi alichunguza maiti bila kuchoka.

Maiti tatu na jina lenye makosa

Baada ya yule fundi wa mbao, Darling aliwapata wengine wawili. Mmoja alikuwa pia mtu wa Martinique. Mwingine alikuwa Mchina aliyekuwa ameishi Panama kwa miaka 15. Wote watatu walikuwa na dalili zinazofanana: homa, kukonda, damu kupunguka, wengu kuvimba. Na ndani ya chembe zao mlikuwa na vitu vilevile vya mviringo.

Mwanzoni ilikuwa rahisi kufikiri kwamba ni kala-azar. Miaka miwili tu mbele, mwaka 1903, William Leishman na Charles Donovan walikuwa wameonyesha kimelea cha ugonjwa huo, ambacho nacho kinakaa kwenye wengu na kwenye uboho. Lakini Darling aliangalia vizuri zaidi. Kimelea cha kala-azar kina alama mbili ndani yake: kiini kikubwa, na pembeni kijiti kidogo. Katika vioo vya Panama kijiti hicho hakikuwamo. Kwa tofauti hiyo ndogo, ambayo mtu mwenye haraka asingeiona, alijua kwamba ana kitu kingine mkononi.

Mwaka 1906 alitangaza uvumbuzi wake katika gazeti la chama cha wanganga wa Marekani, na kukipa kitu hicho jina: Histoplasma capsulatum. Alifikiri kwamba ni mnyama mdogo mwenye chembe moja, wa jamii inayofanana na kimelea cha malaria, na kwamba amezungukwa na ganda. Mambo yote hayo mawili hayakuwa ya kweli. Mwaka 1912 Henrique da Rocha Lima, mtaalamu wa Brazil aliyefanya kazi Ujerumani, alionyesha kwamba kinafanana zaidi na kuvu, jamii ile ya ukungu unaoota kwenye mkate na kwenye mbao zilizooza. Na lile ganda lilikuwa nafasi tupu inayotokea kipande kinapokaushwa kwenye kioo.

Jina hata hivyo lilibaki, kwa sababu jambo kubwa lilikuwa sahihi. Darling alikuwa ametenganisha ugonjwa mpya na magonjwa mawili yaliyojulikana, kifua kikuu na kala-azar, ambayo hata leo wanganga wanayachanganya nao.

Malaria, wachimba madini na minyoo

Katika maisha yake Darling hakujulikana sana kwa ugonjwa huo. Wengi walimjua kama mtu wa malaria. Huko Panama alipasua mbu mmoja mmoja ili kujua ni aina gani inayobeba malaria kweli, na akaonyesha kwamba Anopheles albimanus ndiye adui mkuu. Kwa njia hiyo, nguvu na pesa zilielekezwa kwa mbu anayeua, na wasiodhuru wakaachwa. Mwaka 1910 alitoa kitabu juu ya malaria. Mwaka huohuo alikipa jina kimelea kilichokuwa kinaua farasi na nyumbu wa mfereji.

Afrika pia aliifikia. Mwisho wa mwaka 1913, makampuni ya dhahabu ya Afrika Kusini yalimwita Gorgas aje kuangalia kwa nini pneumonia inaua wachimbaji wengi namna ile katika eneo la Rand, karibu na Johannesburg. Gorgas alimchukua Darling pamoja naye. Waliokufa zaidi walikuwa vijana walioletwa kutoka sehemu za joto, wakalundikwa kwenye majengo yaliyojaa kupita kiasi. Gorgas alishauri wapewe nafasi kubwa zaidi ya kulala, na kwamba waruhusiwe kuishi na familia zao. Historia hiyo haiko mbali na wasomaji wa Katanga, ambako nako makampuni ya madini yalileta wafanyakazi kutoka mbali na kuwapoteza kwa magonjwa ya namna hiyo.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Mwaka uliofuata Darling aliacha Panama na kuingia katika kazi za afya za shirika la Rockefeller. Aliongoza kundi lililokwenda Malaya, Java na Fiji kuchunguza minyoo ya safura, ile inayonyonya damu tumboni mpaka mtu anabaki mweupe na bila nguvu. Huko aliona kwamba kuuliza tu kama mtu ana minyoo hakutoshi, maana karibu kila mtu alikuwa nayo. Swali la maana lilikuwa: minyoo mingapi? Na mahali ambapo karibu kijiji kizima kina minyoo, alitetea wazo la kuwapa watu wote dawa bila kupoteza muda kumpima kila mmoja.

Mtu aliyeishi kwa mikroskopu alijua basi kwamba kipimo kina mahali pake. Kinafaa pale ambapo jibu lake litabadilisha kile ambacho munganga atafanya.

Baadaye alifundisha huko São Paulo, Brazil, ambako aliongoza laboratwari mpya ya afya ya watu wote katika chuo cha udaktari. Kisha akarudi Marekani na kuongoza kituo cha kuchunguza malaria huko Leesburg, katika jimbo la Georgia, akifundisha wanganga vijana kazi ya uwanjani.

Kifo barabarani

Mwaka 1925, Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ambao makao yake yalikuwa Geneva, ulituma kundi la wataalamu wa malaria kutembelea nchi mbalimbali. Darling alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Mei kundi lilikuwa Siria na Lebanoni. Karibu na Beirut gari lao lilipata ajali. Darling alikufa, pamoja na Norman Lothian, munganga aliyekuwa mwandishi wa kundi hilo, na mwanamke mmoja aliyekuwa anafanya kazi nao. Darling alikuwa na miaka 53. Umoja wa Mataifa uliweka medali yenye jina lake kwa ajili ya wanaofanya kazi kubwa juu ya malaria.

Alikufa bila kuona matunda ya uvumbuzi wake wa mwaka 1905. Kwa miaka karibu 20 wagonjwa wake watatu walibaki peke yao katika vitabu. Mwaka 1926, mwaka mmoja baada ya ajali, mgonjwa mwingine alitangazwa huko Minnesota, Marekani, naye pia alipatikana baada ya kufa. Hivyo wanganga walibaki na wazo kwamba ni ugonjwa wa nadra, na kwamba yeyote anayeupata anakufa.

Kutoka kwa maiti hadi kwa mtu aliye hai

Darling aliweza kuangalia uboho wa wagonjwa wake kwa sababu walikuwa wamekufa. Ilibaki kutafuta namna ya kuuangalia mtu akiwa bado anapumua.

Mlango ulifunguliwa mbali sana na Panama. Mwaka 1927, katika mji wa Leningrad, munganga Mrusi Mikhail Arinkin alionyesha kwamba sindano nene inaweza kupita kwenye mfupa wa katikati ya kifua na kuvuta uboho kidogo, bila kumlaza mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Kazi ya dakika chache. Wanganga wengine waliifuata, na baadaye wengi walihamia kwenye mfupa wa nyonga, nyuma juu ya matako, mahali penye hatari ndogo zaidi.

Mwaka 1934 wanganga wa Nashville, Marekani, walitangaza habari ya mtoto mchanga ambaye kuvu ya Darling ilionekana katika damu yake kabla hajafa. Mwenzao William DeMonbreun aliiotesha katika laboratwari na kuthibitisha kwamba kweli ni kuvu. Mwaka 1949 ilipatikana katika udongo. Ikajulikana kwamba inapenda udongo wenye mavi ya ndege na ya popo, kama vile kwenye mabanda ya kuku na mapangoni. Mtu anaivuta kwa pumzi pamoja na vumbi. Wengi wanaivuta na mwili unaizuia bila wao kujua. Watatu wa Darling walikuwa wale wachache ambao mwili wao ulishindwa.

Kongo nayo ilileta sehemu yake. Mwaka 1952, wataalamu wa chuo cha magonjwa ya joto cha Antwerp, Ubelgiji, walieleza aina ya kuvu hiyo ambayo chembe zake ni kubwa zaidi, na inayopenda kushambulia ngozi, tezi na mifupa. Mgonjwa alitoka Kongo ya Kibelgiji. Aina hiyo iliitwa Histoplasma duboisii, kwa heshima ya Albert Dubois, munganga Mbelgiji aliyekuwa amefanya kazi ya ukoma huko Pawa, kaskazini mashariki mwa Kongo.

Sida ilipofika

Virusi vya Sida vinaharibu hasa chembe zile ambazo mwili unazitumia kuifungia kuvu hii. Ndiyo maana, wakati Sida ilipoenea, ugonjwa wa Darling ulianza kuonekana tena jinsi yeye alivyouona: umeenea mwili mzima. Mwaka 1985 Marekani iliuweka kati ya magonjwa yanayoonyesha kwamba mtu ameingia katika Sida yenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo linauhesabu katika hatua ya nne, hatua ya mwisho.

Dalili ni zilezile za Ancón: homa ya wiki nyingi, kukonda, kikohozi, wengu na ini kuvimba, damu kupunguka. Ni dalili za kifua kikuu pia. Na kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachoua zaidi watu wenye virusi vya Sida, munganga ana haki ya kukifikiria kwanza na kuanza dawa. Shida inakuja pale dawa zinapomezwa wiki baada ya wiki na homa haishuki. Hapo mgonjwa anaweza kufa huku anatibiwa ugonjwa asio nao, au huku ana magonjwa mawili na mmoja tu ndio unaotibiwa.

Hapo ndipo kuchunguza uboho kunapata thamani yake. Kwa mtu mzima mwenye virusi, mwenye homa isiyoeleweka na ambaye chembe zake za damu zinashuka zote pamoja, nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu, tone moja la uboho linaweza kutoa majibu ya aina tatu. Kwenye kioo kilichopakwa rangi, kuvu au kimelea cha kala-azar vinaweza kuonekana siku ileile. Kwenye kipande kigumu cha mfupa, vijinundu vya kifua kikuu au saratani ya tezi vinaweza kujitokeza. Na uboho ukioteshwa katika laboratwari, viini vya kifua kikuu au kuvu vinaweza kukua, ingawa kazi hiyo inaomba wiki kadhaa, na mgonjwa aliyezidiwa hana wiki hizo.

Kipimo hicho kina mipaka pia. Kinauma, hata pakiwa na dawa ya kutia ganzi. Kinahitaji sindano yake maalumu na, zaidi ya yote, jicho la mtu aliyejifunza kusoma kioo. Virusi vyenyewe vinaweza kuharibu sura ya uboho. Dawa kama zidovudine zinaweza kushusha damu bila ugonjwa mwingine kuwapo. Na uboho usioonyesha kitu hauhakikishi kwamba mtu ni mzima, kwa kuwa sindano imechukua sehemu ndogo tu. Kwa hiyo wanganga hawaanzi nao. Wanaanza na makohozi, damu, mkojo, picha ya kifua na hesabu ya chembe za CD4, na wanafika kwenye mfupa pale njia rahisi zimenyamaza.

Njia rahisi nazo zimeongezeka. Tangu 2019, kipimo kinachotafuta alama za kuvu ya Darling katika mkojo kimo katika orodha ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya vipimo vya lazima. Mwaka 2020 yalitoka maelekezo ya matibabu kwa watu wenye virusi: amphotericin B kwa walio taabani, kisha itraconazole kwa miezi. Ugonjwa ambao wakati wa Darling haukuwa na dawa yoyote sasa unatibika, kwa sharti moja: kwamba mtu aufikirie mapema.

Wagonjwa watatu wa Ancón hawakupata bahati hiyo. Majina yao hayajulikani kama la Darling. Kinachojulikana ni kwamba walikuwa wageni waliokuja kutafuta kazi, na kwamba kama si munganga mmoja aliyekataa kuridhika na jibu la kwanza, wangehesabiwa tu kati ya wafu wa kifua kikuu. Kwa mgonjwa wa leo ambaye homa yake imekataa dawa, kukataa kwa namna hiyo ndiko kunakoweza kumtenganisha na kaburi.